Hodi ya Anatoli

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na kwa mnyororo, na wageni wote walikuwa ndani wamekodolea macho televisheni. Lakini Violet alipotoka jikoni na sinia la pilau, alikuta kizulia cha mlangoni kimelowa. Zilikuwa alama mbili za nyayo tupu, zimepangana sawasawa, kama za mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kukaa. Nje ilikuwa Machi, na hakuna mwenye akili ambaye angetembea bila viatu. Violet alidhani ni utundu wa watoto. Akapangusa kwa tambara, akaendelea kugawa sahani.

Hiyo ilikuwa Jumapili jioni, mwaka 1997, katika nyumba yao ya kupanga huko Lanham, ghorofa ya pili. Watu walikuwa wamejazana kwa sababu mume wake, Anatoli, angeonekana kwenye filamu. Alikuwa ametangaza kwa mwezi mzima, kanisani, kazini, mpaka kwa kinyozi.

Tusimcheke upesi. Huyu Anatoli, kule Dar es Salaam, alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio, na sauti yake iliwahi kuunguza ugali wa watu, maana akina mama waliacha mwiko wakamsikiliza. Marekani alipata kazi ya kulinda mlango wa jengo moja la ofisi huko Arlington. Kwa miaka minane sauti ile ilikuwa na kazi moja tu, kuwaambia watu waliovaa tai waweke sahihi hapa. Asiyekujua hakuthamini, wahenga walisema, nao hawakuwahi hata kufika Arlington.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Binti yake Dora, mwenye miaka saba, alielewa kila neno la Kiswahili, lakini alijibu yote kwa Kiingereza. Kila jioni Anatoli alipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, makusudi, ili mtoto amwitikie.

"Hodi, mwanangu!"

"Hi, Daddy!"

"Sema, karibu baba."

"You have a key, Daddy."

Basi walipokuja watu wa filamu, Anatoli aliwapokea kama mvua. Ilikuwa filamu ya mapigano ya kuonyeshwa kwenye televisheni tu, ya haraka na ya bei ya chee, wakiipiga ndani ya ghala huko Fairfax. Jina lake silitaji, halina faida. Walitaka Mwafrika wa kuita mizimu. Mwongozaji alimwambia aseme chochote kwa lugha yake, mradi kitishe, kwa kuwa hakuna mtu atakayeelewa.

Anatoli ni Mhaya, Mkatoliki wa kubatizwa akiwa mchanga, na maneno ya namna hiyo hakuwa nayo. Akamwendea Mwatumu, mama wa Kitanga aliyekuwa akisafisha ofisi kwenye jengo lilelile la Arlington, ambaye bibi yake alikuwa mganga wa majini. Hakumwambia ukweli. Alimwambia kuna profesa wa chuo kule Fairfax anayekusanya maneno ya wazee yasipotee.

Mwatumu akamfundisha, lakini alimshika mkono kwanza.

"Sikiliza, kaka. Yuko mmoja hana sauti. Bibi alikuwa akimwazima yake apige hodi. Asipoitikiwa karibu, hasogei hata hatua. Akiitikiwa anaingia, anaeleza haja yake, kisha bibi anamuaga kwaheri palepale, na sauti inarudi kwa mwenyewe. Hodi na kwaheri ni mapacha. Usiwatenganishe hata kwa mzaha."

Na kwa haki ya Mungu Anatoli hakuwatenganisha. Pale ghalani alisema yote kwa pumzi moja, hodi mpaka kwaheri, chini ya taa zenye joto la tanuri, mpaka nywele za bandia walizomvisha zikaanza kuungua na kunuka. Aliyewatenganisha mapacha ni mkasi wa mtu asiyejua Kiswahili.

Filamu ikaanza. Jamani! Helikopta ileile ilipita mara tatu, tena ikitokea upande uleule. Shujaa alifyatua bastola moja risasi arobaini bila kujaza. Kisha yakaja maandishi kwamba sasa tuko Afrika.

"Ati hii ni Africa?" alisema Kimutai, jirani yao Mkenya. "Buda, si hiyo ni theluji naona hapo nyuma?"

Watu wakaangua kicheko. Anatoli alicheka pia, kwa meno tu. Ndipo akatokea, kwa sekunde kumi na moja, uso umefunikwa kinyago chenye meno ya plastiki. Kilichokuwa chake ni sauti peke yake.

"Hodi wenye nyumba! Hodi, nimefika!"

Violet alikuwa jikoni akipakua. Alisikia mumewe anabisha hodi, naye akajibu kama alivyolelewa na mama yake, kama ambavyo wewe na mimi tungejibu bila kufikiri.

"Karibu! Pita ndani!"

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Filamu ikarukia helikopta. Anatoli alingoja kwaheri yake mpaka mwisho, akangoja hata matangazo ya sabuni, haikuja. Majina yalipopita mbio, yeye aliandikwa Mchawi wa Pili, na kwenye filamu nzima hapakuwa na wa kwanza. Wageni walikula pilau, wakaaga wakiwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Anatoli alikaa mbele ya kioo kilichozimwa, na aibu ilimkaba koo hata akashindwa kusema usiku mwema. Alidhani ni aibu.

Violet alifanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mchana alilala mapazia yakiwa yamefungwa. Jumanne, saa nne asubuhi, Dora akiwa shule, alisikia mlangoni mwa chumba.

"Hodi."

"Umerudi mapema?" aliuliza, amefumba macho.

"Umerudi mapema," ilisema sauti ya mumewe.

"Kazi vipi?"

"Kazi vipi."

Violet akafumbua macho. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua, harufu ya saluni pasi inapozidi moto. Alinyoosha mkono akachukua simu akapiga Arlington, akisema moyoni kwamba haitapokelewa, kwamba mume wake yuko humu ndani anamtania, na simu ikalia mara moja, mara mbili, ikapokelewa, na Anatoli akasema halo kwa sauti iliyokwaruza kama ya mzee wa miaka tisini, na wakati huohuo kutoka ndani ya kabati la nguo, hatua mbili toka kitandani kwake, sauti nzuri ya Anatoli, ile ya redioni, ile aliyoipenda hata kabla hajamwona mwenyewe, ikasema, taratibu, "Halo."

Tangu siku hiyo kile kitu kikawa kinajifunza. Jumatano kilimwita kwa jina. Alhamisi kilisimulia mchezo mzima wa redio wa zamani, na kila kilipozidi kunyooka ulimi, Anatoli alizidi kukwama, mpaka akawa anaomba chumvi mezani kwa kunong'ona. Ijumaa Dora alitoka chumbani akiwa na furaha.

"Daddy told me a story," alimwambia mama yake. "In Swahili. He's nicer in the closet."

Anatoli alikuwa ameketi pale pale mezani. Violet alimtazama mtoto, akamtazama mume.

Mwatumu aliitwa, akafika Jumamosi adhuhuri. Anatoli alikiri kila kitu, kwa kunong'ona, na yule mama alivyomtazama ilikuwa afadhali angempiga.

"Umenifanya mjinga, kaka. Nimekupa kitu cha bibi yangu, wewe umekwenda kukivalisha meno ya plastiki Wazungu wacheke."

"Nisamehe, dada. Nilitaka mara moja tu nisikike."

"Si umesikika? Na aliyekusikia ndiye huyo."

Walikuwa wamerekodi filamu. Wakaweka mkanda, wakaangalia zile sekunde kumi na moja mara nne. Kwaheri haikuwemo. Anatoli akapiga simu kwa watu wa filamu, na kijana mmoja akamjibu, akitafuna kitu, kwamba vipande vilivyokatwa vilishatupwa siku nyingi. Mwatumu akaguna.

"Basi utaaga mwenyewe, kwa uzi wa sauti uliobaki. Ni lazima iwe sauti ileile iliyopiga hodi, yangu haitafaa."

Akafukiza ubani chumba kwa chumba, akafungua kabati, akamsimamisha Anatoli mbele ya nguo zilizoning'inia. Ndani, nyuma ya makoti, mtu alikuwa anapumua. Anatoli akaanza.

"Mgeni kaaga. Mlango na ufungwe..."

"Ufungwe," ilisema sauti kabatini, ikimcheka.

"Endelea!" alinong'ona Mwatumu, jasho linamtoka. "Usikubali akupokee maneno, maliza!"

Anatoli alishika fremu ya kabati kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamsimama, na kutoka mahali asipopajua akalivuta neno moja baada ya jingine, "kila mtu," "na kwao," na lile la mwisho, "kwaheri," lilipotoka lilipasuka kama kamba iliyokatika, makoti yakafumuka, harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati yao ikielekea sebuleni, mnyororo ukachomoka wenyewe, mlango ukafunguka, ukajifunga. Kizulia kikabaki kimelowa.

Violet alipiga magoti akilia na kushukuru. Mwatumu hakushukuru.

"Ametoka, lakini kwaheri imechelewa, ametoka na sauti mkononi. Akikaa nje siku arobaini bila kuitikiwa, itamchoka na kurudi kwa mwenyewe. Akiitikiwa tena, mimi sina dawa. Humu ndani asipige mtu hodi, wala mtu asiseme karibu. Kaka, wewe gonga kwa ufunguo mara tatu, wafungue. Mmeelewa? Na mtoto mwambieni."

Mtoto aliambiwa. Alisema okay.

Zikaanza siku za ububu. Huko Arlington Anatoli alielekeza watu kwa kidole, na hakuna hata mmoja aliyegundua tofauti. Hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Nyumbani aligonga ngo, ngo, ngo kwa ufunguo, akakumbatia mtoto, akakaa. Dora alimsubiri aseme, akachoka kusubiri.

"Where did his voice go?" alimuuliza mama yake siku moja.

"Baba anaumwa sauti. Itarudi."

"Will it come back if I talk Swahili?"

Violet alikuwa ametoka kazini, amesimama usiku kucha, miguu inawaka moto. Alitaka alale tu.

"Labda, mwanangu," alisema.

Siku ya thelathini na tisa, saa kumi alasiri, Dora ametoka shule na Violet bado amelala, Anatoli alikuwa anapanda ngazi. Mkononi alikuwa na daftari jipya. Alikusudia, kesho sauti ikirudi, amfundishe mtoto herufi za kwanza kwa Kiswahili, polepole, bila kumgombeza tena. Alikuwa kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili alipoinusa ile harufu.

Juu, mlangoni kwake, mtu alisema:

"Hodi, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, ya kijana, yenye upendo, bila uchovu wa miaka minane ya kusimama. Anatoli aliangusha daftari akakimbia, ngazi mbili mbili, akafungua kinywa kupiga ukelele na kikatoka hewa, akapiga ukuta kwa ngumi, na kupitia ukuta akasikia miguu midogo ikikimbia kwa furaha kutoka chumbani, na alipofika juu korido ilikuwa tupu, hakuna mtu, ila alama mbili za nyayo tupu zinang'aa maji juu ya kizulia.

Na kutoka ndani binti yake akasema, kwa Kiswahili safi, neno alilomwomba maisha yake yote:

"Karibu, baba. Pita ndani."

Ufunguo ulizunguka. Mlango ulifunguka mbele ya uso wa Anatoli, akamwona Dora, anatabasamu, anatazama mtu aliyesimama baina yao, mrefu kuliko Anatoli kidogo. Kisha mlango ukafungwa, na mnyororo ukapita mahali pake.

Anatoli alichukua ufunguo wake. Akauzungusha tunduni, na mlango ulisogea kidole kimoja ukakamatwa na mnyororo. Akagonga kama walivyokubaliana. Ngo, ngo, ngo.

"Nani huyo?" iliuliza sauti yake, ndani, kwa upole.

Dora alisogea, akachungulia kwenye ule upenyo. Jicho lake likamtazama baba yake kutoka juu mpaka chini.

"Hakuna mtu, baba," alisema, akausukuma mlango.