Chupa Namba Arobaini na Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, kituo cha treni cha Ameerpet huwa kimefurika hata mtu hajui kama anatembea au anasukumwa. Swarupa, nguo yake ya manjano imenyooka kwa pasi na ua la yasmini limechomekwa kwenye msuko, alikuwa akiigombea ngazi ya umeme pale kifuniko cha chombo chake cha chakula kilipofyatuka. Mchuzi wote wa gongura, yale majani machachu, ukamwagikia shati jeupe la kijana aliyekuwa mbele yake.

"Samahani sana, kaka."

"Hamna neno," alisema kijana, lakini tayari alikuwa ametoa leso na kulisugua doa kama mtu aliyekasirishwa nalo.

"Acha kusugua, unalizamisha. Njoo bombani."

Akamvuta kwa pindo la shati mpaka kwenye bomba lililo kando ya vyoo, akapitisha maji baridi upande wa ndani wa kitambaa. "Maji yatoke nyuma, yausukume mchuzi nje. Na usiache kitu kikauke. Kikikauka ndipo kinapokuwa kazi."

"Wewe ni dobi?"

"Dobi wa mipira ya kamera." Akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi. "Hospitali, kwa wagonjwa wa nyongo."

Kijana akacheka mpaka watu wakageuka. "Basi mimi ndiye ninayeotesha vijidudu unavyoacha. Naitwa Saidulu, maabara ya hospitali hiyohiyo, ghorofa ya tano. Nina wiki ya tatu pale."

"Mimi Swarupa. Na siachi vijidudu."

"Hilo maabara italiona."

Jeuri yake ilimkera Swarupa mpaka kituo cha tatu. Kuanzia cha nne akawa anatabasamu peke yake.

Kazi yake ilikuwa chumba cha kuoshea, ghorofa ya pili. Daktari akishamtoa mgonjwa vijiwe kwenye mrija wa nyongo, ule mpira mrefu mweusi wenye kamera, ulioteremshwa kupitia kinywani, huletwa kwake. Yeye huupitisha brashi, huutia dawa, huukausha, na kesho yake unaingia kwa mgonjwa mwingine. Nchani mwake kuna kiinuzi, kidude cha kuinulia vifaa kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na nyuma ya kiinuzi kuna uwazi mwembamba ambao brashi haifiki vizuri. Kwenye mipira ya zamani, kofia inayofunika ncha hiyo imegandishwa na haitoki.

Mwaka uliopita wagonjwa wawili waliambukizwa, na lawama zote zikamwangukia dada Yadamma, mwanamke aliyemfundisha Swarupa kazi hiyo kuanzia namna ya kushika brashi. Alifukuzwa baada ya miaka kumi na tisa, na barua yake ikasema mzembe. Swarupa alilia siku hiyo, na neno lile hakulisahau.

Kwa hiyo Daktari Vasundhara, mkuu wa kitengo chao, alipoleta mipira mipya, ambayo kofia yake ni ya plastiki na hutupwa baada ya kila mgonjwa, akatangaza kwamba mipya na ya zamani italinganishwa kwa miezi sita, Swarupa aliomba kimoyomoyo kila siku. Waoshaji wangekuwa walewale. Maji ya kusuuzia ncha ya kila mpira uliooshwa yangetiwa chupani na kupelekwa maabara, na chupa ingekuwa na namba na tarehe tu. Maabara hawakutakiwa kujua ni mpira gani, wasije wakapendelea. Kama mipira ya zamani ndiyo yenye kosa, chupa zingesema, na dada Yadamma angesafishwa jina.

Huku chupa zikipanda ghorofa ya tano, simu zilikuwa zikishuka.

"Bibie wa mabomba, umekula?"

"Nimekula. Wewe umenawa?"

"Mara tatu. Nakuogopa."

"Usiniogope mimi, ogopa kucha zako. Jana nimeziona."

"Kwa hiyo unaniangalia vidole?"

"Nakuangalia kote, ila vidole ndivyo kazi yangu."

Siku moja alimletea bangili za kioo za kijani, dazeni nzima, zimefungwa kwenye gazeti. Swarupa alizijaribisha palepale kwenye kibanda cha chai nje ya lango, zikalia, akazivua. "Kazini siruhusiwi."

"Basi zitasubiri siku yake," alisema Saidulu, na safari hii hakuwa akitania. Juu ya chupa hawakuongea kamwe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kanuni, na Swarupa hakuwa mtu wa kuchezea kanuni.

Mwezi wa pili wa utafiti, Jumatatu moja, orodha ya chupa ilibandikwa ubaoni. Mbele ya namba arobaini na moja palikuwa pameandikwa: imeharibika maabara. Swarupa aliisoma mara mbili. Aliikumbuka chupa ile. Ilikuwa ya Jumanne iliyopita, zamu yake, mpira wa zamani, mgonjwa mgumu aliyechukua saa mbili mezani. Saa ya chai akamkabili Saidulu kibandani.

"Arobaini na moja iliharibikaje?"

Saidulu aliangalia ndani ya kikombe. "Bahati mbaya tu."

"Wewe hujawahi kuharibu hata biskuti kwenye chai."

Akatazama kushoto na kulia, kisha uso ukamchangamka kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha siku nyingi. "Iliota. Vijidudu vya tumboni, sahani nzima. Nilipoona tarehe ni ya zamu yako, nikaandika kosa ni la maabara. Nimekukinga, mpenzi. Sikutaka yakupate ya Yadamma."

Swarupa alikiweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo ulipoona uchafu, ulifikiri ni mikono yangu."

"Mtu huchoka, Swarupa. Hata mimi—"

"Nifuate."

Kwenye chumba cha kuoshea alimvisha glavu, akamwekea mbele mpira wa zamani wa kufundishia, akapaka rangi nyekundu nyuma ya kiinuzi. "Haya, mwenye mikono isiyochoka. Sugua."

Saidulu alisugua. Alisugua robo saa nzima, brashi kubwa na ndogo, maji yakamlowesha mpaka viwikoni, na kila alipoinua ncha kwenye taa, wekundu ulikuwa palepale. Swarupa akaipaka rangi ileile kwenye mpira mpya, akaibandua kofia, akapitisha brashi mara mbili. Rangi ikaisha.

"Miaka mitatu nayasema haya na hakuna anayesikiliza, maana mimi ni muoshaji tu," alisema. "Chupa ile ndiyo ingenisemea. Ingemsemea dada Yadamma. Wewe umeinyamazisha, halafu unaniita mpenzi."

"Nikisema nitafukuzwa."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Saidulu alivua glavu, akatoka.

Jumanne simu haikulia. Wala Jumatano, wala Alhamisi. Swarupa alimpigia mara moja, ikaita mpaka ikakata. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba mtu anaweza kumpenda mwoga na asiweze kuacha kwa amri. Ijumaa alipanda kwa Daktari Vasundhara.

"Nimekuja kwa ajili ya chupa arobaini na moja, Daktari."

Daktari alivua miwani. "Umechelewa. Saidulu alikuja Jumatatu ileile, mikono ya shati ikichuruzika maji kwenye zulia langu. Hakusubiri hata ikauke."

"Jumatatu?"

"Jumatatu. Na kumbe hakuvitupa vile vijidudu. Alivihifadhi kwenye friji ya barafu na namba yake juu, kwa hiyo tokeo limerudi mahali pake. Yeye nimemtoa kwenye utafiti, amekwenda kupima damu za wagonjwa tawi letu la Nampally na onyo kwenye faili. Na nimemkataza kuongea na mtu yeyote wa chumba chenu mpaka namba zifunguliwe, ijulikane chupa ipi ni ya mpira upi. Hata kwa simu."

Swarupa alitoka akasimama ukutani kwenye korido, akalia kwa furaha na aibu pamoja. Kisha akasubiri miezi minne.

Namba zilifunguliwa wiki moja baada ya sikukuu ya Dasara. Kati ya chupa mia moja na ishirini za mipira ya zamani, kumi na tisa zilikuwa zimeota. Za kofia ya kutupa, kwa idadi ileile, nne. "Nne si sufuri, kwa hiyo brashi haiendi likizo," Daktari alisema mbele ya wote. "Lakini mikono ilikuwa ileile." Arobaini na moja ilikuwa miongoni mwa zile kumi na tisa. Hospitali iliandika barua ya pili kwa dada Yadamma, ya kumwomba radhi na kumrudisha kazini, naye alimfanya Swarupa aisome mara tatu, kisha akaichukua na kuiweka chini ya picha ya mungu wake bila kusema kitu.

Simu ya Swarupa ililia kabla hajashuka ngazi za nyumba ya dada Yadamma.

"Bibie wa mabomba."

"Uko wapi wewe?"

"Ameerpet. Bombani."

Alipitia nyumbani kuvaa zile bangili za kijani. Saidulu alikuwa amesimama kando ya vyoo, amekonda kidogo, amevaa shati lilelile jeupe, na karibu na mfuko palikuwa na kivuli cha doa la rangi ya majani.

"Halikutoka lote," alisema.

"Ulianza kusugua kabla sijakuzuia."

"Nisamehe, Swarupa. Niliona uchafu nikamfikiria mtu, sikukifikiria chombo."

"Na mimi wiki nzima ile nilikuita mwoga."

"Woga ulikuwepo. Nilikimbia hivyohivyo na maji, maana wewe ndiye uliyesema kitu kisiachwe kikauke."

Swarupa aliangalia pembeni, na machozi yakamtoka hata hivyo. Treni iliingia, watu wakawapita kushoto na kulia.

"Mama anataka kuja kwenu Jumapili," alisema Saidulu.

"Kufanya nini?"

"Kukuona. Na kula, kama mtampa."

"Dada Yadamma atakuwepo, atakukagua kucha." Akainua mkono kumrekebisha kola, bangili zikalia. "Na mama yako atapikiwa gongura. Mwambie asivae nyeupe."