Pacha Wangu Alikufa Akitafuta Maji ya Uongo Wangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na miwili. Naishi kwenye milima ya Kasulu, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake wameshaaibika vya kutosha kwa ajili yangu. Naitwa Butoyi. Kwetu Buha mtu akilisikia jina hilo hana haja ya kuuliza zaidi. Anajua nilizaliwa pacha, na anajua yuko mwenzangu aliyenitangulia kutoka tumboni, ambaye jina lake ni Bukuru.

Jina lake lilikuwa Bukuru... Naandika "lilikuwa", si "ni" tena.

Baba yetu alifariki tukiwa darasa la saba. Sote wawili tulifaulu mtihani, lakini nyumbani palikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu. Bukuru akamwambia mama, "Apelekwe Butoyi. Mimi mikono yangu inanitosha." Hakununa, hakulia. Alikwenda Kibondo kujifunza kuchomelea vyuma kwenye gereji. Mimi nikaendelea na shule, kisha chuo cha ufundi, nikawa fundi wa kufunga nyaya za umeme kwenye nyumba za Kasulu mjini.

Nikirudi kijijini watu waliniita Injinia. Sikuwa injinia! Lakini niliwaacha waniite hivyo, kwa sababu nilipenda.

Wazo la umeme wa maji lilikuwa la Bukuru. Kule gerejini alifanya kazi na fundi mmoja mkimbizi kutoka Kongo, ambaye zamani aliendesha mtambo mdogo kwenye maporomoko ya kwao. Yule fundi alikuwa akimshangaa, anamwambia, "Ndugu, maji inaanguka bule vile, na bantu banalala mu giza?" Bukuru hakupata usingizi tena. Sisi tulikuwa na kijito chetu, Karuzi, kinachoteremka kwenye mwamba nyuma ya kijiji. Nguzo za umeme zilipita mbali na sisi. Nesi wa zahanati alizalisha akinamama akiwa ameuma tochi ya simu kwa meno! Kusaga muhogo ilikuwa safari ya nusu siku.

Tukapata bahati. Shirika moja la wafadhili likakubali kutusaidia mtambo na jenereta, sisi kijiji tuchimbe mfereji na tubebe mawe. Sharti lao lilikuwa moja tu. Walitaka vipimo vya maji ya Karuzi kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, ili wajue wanunue mtambo wa ukubwa gani.

Bukuru alitengeneza ubao mpana wenye pengo katikati, tukaukingamisha mtoni ili maji yote yapite kwenye pengo lile. Pembeni akasimika kijiti chenye alama za sentimita. Kazi ilikuwa kwenda kila wiki kusoma kijiti na kuandika kwenye daftari. Yeye ilimbidi arudi Kibondo kazini.

Akanishika bega. "Butoyi, kazi hii ni yako. Wewe ndiye msomi wetu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Masika nilikwenda. Barabara ilikuwa tope tupu, bodaboda iliniangusha mara mbili, lakini nilikwenda. Kilipoingia kiangazi nikapata kazi nyingi mjini, nyumba za watumishi wanaohamia kutoka mikoa mingine. Nikasema nitakwenda wiki ijayo... Wiki ijayo ikazaa nyingine. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane, wa tisa. Mvua zikarudi na mimi sijakanyaga Karuzi hata siku moja!

Halafu shirika likapiga simu, linataka daftari ndani ya siku tatu.

Ningeweza kusema ukweli. Ningeomba mwaka mwingine. Lakini ningeuweka wapi uso wangu mimi, Injinia? Niliingia kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Kasulu, nikaagiza chai na chapati, nikafungua daftari. Nikajaza miezi minne yote kwa kubuni. Wiki hii kalamu ya bluu, wiki ile kalamu nyeusi, ili ionekane ni siku tofauti. Nilidondosha hata tone la maji kwenye ukurasa mmoja, wino ukavujavuja kidogo...

Nilimaliza chai ikiwa bado ya moto. Hivyo ndivyo uovu ule ulivyokuwa mwepesi!

Mhandisi wa shirika alikuja mwezi wa nne, Karuzi ikiwa imejaa inanguruma. Akalitazama daftari, akayatazama maji, akaridhika. Kijiji kikatoka na majembe. Wanawake walibeba mawe kichwani kutoka bondeni hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mfereji. Bukuru aliacha kazi Kibondo, akarudi nyumbani moja kwa moja na mkewe Anastazia na watoto wao watatu. Akachaguliwa kuwa mlinzi wa mtambo.

Siku taa ya kwanza ilipowaka pale zahanati, mama yetu alisimama chini yake, akainua viganja kana kwamba anaota moto. "Yoo, wanangu!" alisema. "Tumbo langu halikuzaa bure." Akatukumbatia wote wawili.

Mvua zilipokatika, taa zikaanza kuwa za njano kama kibatari. Mwezi wa saba mashine ya kusaga ikagoma. Mtambo ulikuwa mkubwa, maji kidogo. Mimi nilijua siku ileile ya kwanza. Bukuru hakujua. Alikuja nyumbani kwangu Kasulu na daftari mkononi, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa.

"Hapa uliandika sentimita kumi na nane," aliniambia. "Leo kijiti kinasoma saba. Hayo mengine yamekwenda wapi, Butoyi?"

Nikamwambia labda ni ukame wa mwaka huu.

"Hapana. Wazee wanasema Karuzi iko hivi kila kiangazi tangu enzi za babu. Nimewaambia macho yao yamezeeka, ndugu yangu alipima kwa ubao." Akalipigapiga lile daftari. "Maji yanavuja mahali. Nitapatafuta."

Mnaona, wasomaji? Aliwakana wazee waliozaliwa kando ya mto ule, akaamini karatasi... kwa sababu niliiandika mimi!

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Shirika lilikuwa linaleta wageni kuangalia mradi, na mimi sikutaka wakute giza. Nikamwambia Bukuru afunge banio kabisa, maji yote yaingie mfereji. Taa zikapata nguvu kidogo, lakini kitongoji cha chini kikakauka. Wanawake wakawa wanachimba mchanga wa mto kwa vikombe. Ng'ombe wakaanza kukonda. Watu wakapanda na majembe wakalivunja banio, wakamtukana Bukuru matusi mazito. Anastazia alifukuzwa kisimani. Waliokuwa wamebeba mawe pamoja naye wakamwambia akanywe umeme.

Bukuru hakumtaja mtu. Mimi ndiye niliyetoa amri ile, yeye akameza matusi yote peke yake.

Kuanzia hapo kila siku alitembea kando ya mfereji akitafuta mahali panapovuja. Akazibua, akaziba, akagonga bomba la kuteremshia maji mtamboni, akaweka sikio chini kwenye udongo. Alikonda. Mashavu yakaingia ndani.

Jumapili moja tulitoka misa, tukakaa ukingoni mwa mfereji tukila mahindi ya kuchoma. Nilimtazama mikono yake, kucha zimepasuka. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli... Akageuka.

"Una jambo?"

"Hapana."

"Una jambo, Butoyi. Tumelala tumbo moja."

"Ni uchovu tu," nikasema.

Akanimegea nusu ya hindi lake. Ee Mungu wangu! Kwa nini sikusema? Ningesema pale angenipiga ngumi, angenitukana, angekaa mwezi bila kunisalimia. Lakini angekuwa hai!

Ilikuwa Alhamisi, kama saa sita mchana. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga swichi katika nyumba ya mwalimu mmoja pale mjini. Simu ikaita, ni mwenyekiti wa kijiji. Alisema neno moja tu, "Udongo," kisha akaanza kulia.

Bukuru alikuwa ameona mahali penye unyevu chini ya mfereji, kwenye mteremko mkali. Akaamini amepapata. Kumbe ilikuwa chemchemi ndogo tu ya siku zote. Alichimba kuingia chini ya mfereji, akachimba, akachimba, mpaka akazama mwili mzima. Udongo ule ulikuwa umelowa. Mfereji wote wa mawe ukamwangukia.

Waliomfukua ni wale wale wa kitongoji cha chini, waliomtukana. Walimfukua kwa mikono. Wakamshusha kwa machela ya miti hadi barabarani, akaletwa hospitali Kasulu. Nilipofika kifua chake kilikuwa kimefungwa, anapumua kwa shida. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia wamefanya wanaloweza.

Bukuru alifumbua macho aliposikia sauti yangu.

"Umepaona?" aliniuliza. "Panapovuja... umepaona?"

Nilikuwa na nafasi moja ya mwisho. Wasomaji, ninyi mngesema nini?

"Nimepaona, Bukuru. Ni palepale ulipochimba."

Akatabasamu, midomo ikiwa na udongo bado. "Nilijua. Daftari lako halina kosa."

Hakusema tena. Alikata roho kabla ya saa kumi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Kwenye mazishi wazee wa kitongoji cha chini waliomba radhi mbele ya jeneza. Mmoja alisema Bukuru alikufa akiwatafutia watu maji. Kila neno la sifa liliniingia kama msumari wa moto. Mama alizimia mara mbili. Mimi nilishika koleo, nikamfukia pacha wangu kwa udongo mara ya pili. Mara ya kwanza pia ilikuwa mimi!

Nilikaa na siri ile wiki sita. Chakula hakikupita. Nikijitazama kwenye kioo namwona yeye, maana tulifanana kila kitu, anasubiri nimjibu. Wiki ya saba nikachukua daftari nikaenda kwa Anastazia. Alikuwa uani anamenya muhogo. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mgahawa, chai, kalamu mbili.

Alisikiliza bila kuacha kumenya. Kisha akauliza, "Yeye alijua?"

"Hapana, shemeji."

"Hata hospitali hukumwambia?"

"Hata hospitali."

Kisu kikamponyoka. Akaingia ndani, akatoka na viatu vya mpira vya mumewe, tope limekaukia juu yake. Akavitupa mbele ya magoti yangu.

"Vaa," alisema. "Nenda ukachimbe. Chimba mpaka upaone hapo panapovuja. Ukipaona ndipo uje uniite shemeji."

Akafunga mlango. Mpaka leo ninapoandika, hajaniita kwa jina.

Nikaenda kwa mwenyekiti, akaitisha mkutano wa kijiji. Nilisema mbele ya watu wote. Wengine walitaka nifukuzwe siku ileile. Mama alikuwa amekaa mbele kwenye mkeka. Alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akajifunika uso kwa kitenge chake. Hakulia. Afadhali angelia! Mwenyekiti akasema nisikimbie, kukimbia ni rahisi mno. Nibaki nipime upya, na kila wiki nisindikizwe na watu wawili wa kitongoji cha chini, kwa sababu neno langu halikuwa na thamani tena.

Nilipima mwaka mzima. Niliwaandikia shirika barua ya kukiri. Ule mtambo mkubwa ulichukuliwa, ukaja mdogo unaolingana na maji tuliyo nayo, na kiasi cha maji kinaachwa mtoni kila siku kwa ajili ya watu wa chini. Leo zahanati ina mwanga mwaka mzima, hata mwezi wa tisa. Mashine ya kusaga hufanya kazi masika tu. Ni kidogo, lakini ni cha kweli, na ndicho Bukuru angekipata tangu mwanzo kama ningekuwa mkweli.

Mama amehamia kwa Anastazia. Nikipeleka unga, unapokelewa na watoto mlangoni. Yule mkubwa, anayefanana na sisi wote wawili, hupokea bila kunitazama. Sina wa kumlaumu.

Wapo wanaoniambia nimeshatubu, nijisamehe. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuliona tabasamu lile la hospitali. Alikufa ananisifia... Nitaishi nalo vipi?

Ndugu zangu mnaosoma, kama kijiji chenu kina mto na mnataka umeme wake, nendeni mkaupime wakati umekauka, miguu yenu iwe ndani ya maji, na muwasikilize wazee waliouona ukikauka. Msiuandikie mto maji usiyo nayo!

Lakini zaidi ya hapo nawasihi jambo moja. Huenda yuko mtu sasa hivi, mke, rafiki, ndugu yako, anahangaika kutafuta kosa ambalo wewe unalijua kwa sababu ulilifanya wewe. Anajichosha. Anakuamini. Nakuomba weka chini unachokisoma, inuka, uende ukamwambie leo, angali anaweza kukukasirikia.