Uzi Mweupe Kwenye Pindo

Kilichoanza kilikuwa kitu kidogo cha kupuuzwa kabisa: uzi. Fundi cherehani alikuwa ameinama anashona vifungo, na mama yake, aliyepooza upande mmoja, huu mwaka wa pili, anatazama runingani filamu ya zamani, moja ya zile zisizo na rangi. Bila filamu hizo mama alilia kutwa nzima kama kichanga. Zikiwashwa, kimya, na Fundi anapata kufanya kazi za watu. Basi ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana, filamu.

Siku hiyo filamu ilikuwa ya harusi. Nyuma kabisa ya wageni akapita mwanamke wa gauni jeusi, na kwenye pindo lake unaning'inia uzi mweupe, mrefu, unaburutika chini.

"Na huyo fundi wake naye," Fundi akasema, "kasahau kufumua uzi wa kushikizia."

Mara sindano ikamchoma kidole, maana alikumbuka. Wiki iliyopita alishona gauni jeusi, usingizi umemkaba, akalikabidhi bila kuutoa ule uzi mweupe wanaotangulia nao mafundi kabla ya kupiga mashine. Na mkono wake mwenyewe aliujua hata kwenye picha: hatua za sindano ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Akajicheka. Filamu yenyewe ilitengenezwa hata yeye hajazaliwa.

Kesho yake, filamu ya stesheni ya treni. Watu wanapungiana mikono, na katikati yao, karibu zaidi, gauni jeusi na uzi wake. Siku ya tatu, ya mahakamani, yule mwanamke alikuwa benchi la pili, kawapa mgongo.

Fundi akamwonyesha mdogo wake, mpishi wa hotelini, aliyepita kusaidia kumgeuza mama.

"Ah, dada. Hao watengeneza filamu wa zamani walikuwa na watu walewale wa kupitapita nyuma. Anazunguka filamu zote, riziki yake hiyo."

"Na uzi je?"

"Gauni analo moja, masikini. Wewe lala kidogo. Macho yako yamekuwa kama nyanya zangu za juzi."

"Nikilala, nani atamgeuza mama?"

Mdogo mtu akamnyooshea mama shuka. Swali hilo lilikuwa limeshachoka hata lenyewe.

Alipoondoka, Fundi akamkumbuka mteja wa lile gauni: sauti ya chini, uso ndani ya mtandio, na harufu ya vumbi linaloungua, kama redio iliyowaka siku nzima. Hakutaka kupimwa, aliacha kikaratasi. Fundi akakitafuta kwenye kopo la vifungo, akasoma bega, kifua, kiuno, urefu, kisha akasoma tena. Vilikuwa vipimo vya mama, vya kabla hajapooza, vipimo alivyovishona miaka ishirini bila kufungua daftari. Uchovu ndio uliomfanya asivitambue.

Siku ya nne hakuwasha. Mama akalia mpaka sauti ikakauka, na Fundi akawasha.

Kilikuwa chumba cha mgonjwa, pazia limeshushwa, kitanda kitupu kimetandikwa, na kando yake yule mwanamke amesimama, mkubwa sasa amejaza kioo, na ile harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumbani, na Fundi akaufuata uzi kwa macho, kutoka kwenye pindo mpaka chini ya picha, kutoka chini ya picha ukashuka juu ya meza, ukapita kwenye mkeka, ukapanda kitandani, mpaka kwenye kidole cha mkono wa mama ulio mzima, ulikozungushwa mara tatu, taratibu, kama mtu anayejifunga mwenyewe.

"Amesema umechoka, mwanangu," mama akasema, yeye ambaye hakuwa ametamka neno lililonyooka kwa miaka miwili. "Atanichukua, upumzike."

Na la kutisha kuliko yote ni hili: ndani ya Fundi, kitu kilisikia neno kupumzika kikalainika.

Akanyakua mkasi, akaukata ule uzi.

"Mwache mama yangu," akanong'ona. "Kazi mbovu ilikuwa yangu. Ukidai, nidai mimi."

Mwanamke akageuka. Macho yake yakaanzia begani kwa Fundi, yakashuka kiunoni, yakaishia miguuni, polepole, kama fundi anayempima mtu kwa macho. Kisha picha ikazimika.

Tangu hapo hakuonekana tena. Mama anatazama filamu zake, anaomba uji kwa kinywa chake, juzi hata kacheka.

"Si nilikwambia," mdogo wake akasema. "Usingizi tu ule."

"Labda."

Alipotoka, Fundi akainuka kufuata maji, akahisi kitu kinamtekenya kwenye kifundo cha mguu. Akainama. Kwenye pindo la gauni lake la nyumbani, lililofuliwa miaka na miaka, kulikuwa na uzi mweupe. Ndefu, fupi, ndefu, ndefu.

Akanyoosha mkono kuchukua wembe wa kufumulia. Mkono ulikuwa mzito.

"Nitaufumua kesho," akasema, akakaa.