Mstari Mmoja Baada ya Kufunga

Kilichoanza ni harufu, tena mchana kweupe, saluni imejaa wateja. Onesphore alinusa kwanza soksi zake, maana anajijua.

Hazikuwa soksi. Harufu ilitoka kwenye kompyuta yake, nyuma ya pazia la saluni ya mkewe pale mtaa wa Albert Park, ugenini, alikokuwa akitengeneza maktaba ya programu ya kuendesha kurasa za HTML, yaani za mtandaoni. Ilihitaji amri tatu: open ifungue ukurasa, write iandike ndani, close ifunge. Mbili za kwanza zilikuwa tayari, pamoja na sheria yake: ukiandika kwenye ukurasa uliokwisha kufungwa, unafunguka upya na vyote vilivyomo vinafutika. Close aliiahirisha wiki nzima. Uvivu wake umevuka nchi sita bila kuchoka.

Majaribio aliyafanya kwenye ukurasa wa marehemu mama yake, wenye picha yake pekee iliyosalia nyumba yao ya Bujumbura ilipoungua. Mjinga gani hufanya hivyo? Huyohuyo.

Chini ya picha palikuwa na mstari ambao hakuuandika: IKO WAZI. NIMEINGIA.

Akataka kuufuta, vitufe vikamnata vidoleni kama makamasi, na katikati ya herufi zikachomoza nywele zilizolowa, zikinuka kama samaki aliyesahaulika siku tatu kwenye mfuko wa plastiki, huku kwenye skrini midomo ya mama ikivimba, ikipasuka, ikitoa usaha wa vuguvugu uliochuruzika mezani mpaka ukaingia kwenye mkono wa shati lake.

"Papa Jules, iko nini inanuka hivyo?" Gracieuse, mkewe, alifunua pazia, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. Nyuma yake alisimama Mama Immaculée, mwombezi wa kanisani, nusu kichwa kimesukwa.

"Uliacha nini wazi?" akanong'ona mwombezi, kitambaa puani.

"Ukurasa, mama. Sikuufunga."

"Eish! Mimi naomba, wewe funga!"

Akaandika close, vidole vikiteleza, akimeza matapishi yake mwenyewe. Akabonyeza. Kitu kikalia ndani ya kompyuta kama nguruwe, nywele zikanywea, harufu ikakatika. Mama akabaki kwenye picha, midomo mizima, akitabasamu.

"Sharp! Safi kabisa!" Onesphore akacheka huku analia, na kwa furaha, bila kufikiri, akamwandikia chini ya picha: Asante, Mama.

Picha ikafutika. Ukurasa ukawa mweupe, wazi.

Akaziba mdomo asipige kelele. Ulimi ukagusa unywele. Akauvuta, akauvuta tena, umelowa, na hauishi.