Kompyuta Zilizofunikwa Mashuka

Kila siku Gadise huchambua kahawa ghalani, katika mji wa Jimma. Punje mbovu huku, nzima kule. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake, Obse, hadi akamaliza sekondari. Obse alikuwa akiongoza darasa. Kwa hiyo aliporudi kutoka mtihani wa kuingia chuo cha wauguzi macho yamemvimba, mama yake alishtuka.

"Nani amekugusa?"

"Hakuna, mama. Mtihani ulikuwa wa kompyuta. Majibu nilikuwa nayo, lakini kipanya kilinishinda. Muda uliisha nikiwa kwenye swali la kumi na moja."

"Kati ya mangapi?"

"Mia."

"Si mlisoma kompyuta miaka miwili?"

Obse akafungua daftari. Alikuwa amechora kibodi kwa penseli, kila herufi mahali pake. "Mwalimu alichora ubaoni, tukanakili. Kompyuta zenyewe zipo ishirini, chumbani, zimefunikwa mashuka. Hatujawahi kuzigusa."

Damu ilimpanda Gadise kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Beletu, anayeandikisha wagonjwa katika kituo cha afya. Beletu alimmiminia kahawa. Gadise hakuipokea, na kwao kukataa kahawa si jambo dogo.

"Shoga, una haki ya kukasirika," Beletu alisema. "Siku hizi muuguzi anaandika dawa kwenye kompyuta. Akikosea, mgonjwa anapewa dawa ya mwenzake. Hata mzigo wa ghalani kwenu unaandikwa humo. Tena si kubonyeza tu. Mtoto ajifunze kutafuta habari, kutenganisha kweli na uongo, kutunza siri zake. Nani alijifunza kupika mkate wa injera kwa kutazama picha ya jiko?"

Kesho yake Gadise, Beletu na wachambuaji sita waliingia shuleni, vumbi la kahawa bado limewaganda nguoni. Walimtaka mwalimu mkuu, Tolera, azifunue kompyuta. Aliinuka kitini.

"Mama zangu, watoto wataziharibu zile."

"Zikiharibika, zitakuwa zimefundisha," Gadise alisema. "Sasa hivi zinamfundisha nani? Panya?"

Tolera alishusha sauti. "Nilizipokea kwa sahihi yangu. Ikivunjika moja, ninakatwa mshahara."

Hilo Gadise hakulijua. Lakini hasira haikumtoka.

"Kwa hiyo uliogopa kupoteza kompyuta, ukaona afadhali apotee mtoto wangu?"

Beletu akaingilia kati, "Kamati ya wazazi itie sahihi pamoja nawe. Kikiharibika kitu, tunabeba wote. Wanafunzi wawili kwa kompyuta moja, mwalimu awepo. Na huyo mwalimu nitamfundisha mimi."

Mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha uso. "Nifundishe, dada. Hata mimi sijawahi kuziwasha."

Tolera alikubali, na wiki hiyo mashuka yaliondolewa. Mbili zilikataa kuwaka. Zilikuwa zimeharibika zenyewe kwa kukaa. Obse aliruhusiwa kujiunga na wanafunzi. Siku ya kwanza, barua moja fupi ilimchukua asubuhi nzima. Baada ya miezi mitatu alikuwa akiwaelekeza wengine namna ya kuhifadhi kazi na kuchunguza habari kabla ya kuiamini.

Mwaka uliofuata alirudia mtihani. Alimaliza dakika ishirini kabla ya muda, akachaguliwa.

Majirani walipiga vigelegele. Gadise naye alipiga, kisha akajifunga shuka lake na kurudi kwa Tolera.

"Umekuja kushukuru, Mama Obse?"

"Nimekuja kuuliza. Kabla ya binti yangu, madarasa mangapi yalimaliza hapa bila kuzigusa?"

Tolera alikuna kichwa. "Manne."

"Majina yao unayo?"

Mwalimu mkuu alimtazama, akafungua kabati la majalada.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, vijana thelathini na wanne wa madarasa yale walipanga foleni mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni.