Dole Gumba la Bi Mardhiya

Mjomba wangu Nadir alikuwa wakili. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Amani, juu ya duka la vitambaa, na kazi yake kubwa ilikuwa mauzo ya nyumba. Jumatatu ile alifungua madirisha kama kawaida, akanywa chai yake ya tangawizi. Mteja wa kwanza alikuwa Kheir, rafiki yake wa tangu skuli.

Kheir alikwishapata mnunuzi wa nyumba moja ya Kiponda. Nyumba yenyewe ilikuwa ya dada yake, Bi Mardhiya, aliyekuwa akikaa humo na binti yake, Wanu. Kheir akaweka mezani karatasi ya idhini: Bi Mardhiya amempa kaka yake ruhusa ya kuuza. Chini yake pana alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau.

"Kaiweka lini hii?" mjomba akauliza.

"Alipokuwa mgonjwa."

"Kheir. Alhamisi tumetoka kumzika sote."

Kheir akashusha sauti. "Wewe tia muhuri tu. Tarehe irudishe nyuma."

Mjomba akatia muhuri.

Asichokijua ni kwamba mama yangu ndiye aliyemwosha Bi Mardhiya. Kabla maiti hajaoshwa, Kheir aliomba aachwe peke yake chumbani amuage dada yake. Wanawake walipoingia, dole gumba la maiti lilikuwa zambarau. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa ndimu. Wino haukutoka. Akazikwa nao ule wino. Mama akanyamaza, maana mwosha hasimulii alichokiona kwa maiti.

Wiki haikwisha, Wanu akatakiwa ahame. Mjomba mwenyewe ndiye aliyempelekea barua. Msichana akaisoma mlangoni, akaikunja. Hakulia.

"Kama hukuridhika, tafuta wakili wako, mwanangu," mjomba akamwambia.

"Mimi sina wakili. Nnamwachia mwenye nyumba."

Alasiri ya siku ile mjomba alikuwa peke yake ofisini. Nje jua kali. Akasikia mtu anapanda ngazi, polepole, kama mwenye kuumwa magoti.

"Hodi, wakili."

"Naam," akajibu.

Hakuingia mtu. Lakini kiti cha mteja kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia. Chumba kikajaa harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti. Ile karatasi ya idhini ilikuwa mbele yake. Akaitazama. Alama ya dole ilikuwa mbichi. Inang'aa.

Simu ikaita. Mke wa Kheir.

"Njoo," alinong'ona. "Kheir hasemi."

Mjomba alimkuta kitandani, macho wazi. Taya zimebana, kama zilizofungwa kitambaa. Mkono wa kulia zambarau hadi kiwiko. Asubuhi rangi ilifika begani. Siku ya tatu ilifika kifuani. Akafa bila ya kutamka hata neno moja. Waliomwosha walimwaga ndoo baada ya ndoo, maji yanatoka zambarau, mpaka wakakata tamaa, wakamvisha sanda hivyo hivyo.

Mjomba hakungoja matanga yaishe. Alikwenda mahakamani akakiri kosa lake, mauzo yakafutwa, na hati ya nyumba akampelekea Wanu kwa mkono wake. Akapiga magoti palepale barazani.

"Mwanangu, niombee radhi kwa mama yako."

Wanu akaipokea hati.

"Nshamwomba," akasema. "Hajanijibu."

Mjomba akafunga ofisi. Mimi na mama ndio tuliokwenda kufungasha vitu vyake. Juu ya meza palikuwa na daftari la miadi ya wateja. Nikalifungua. Tangu siku ile ya hodi, kila ukurasa una jina moja tu, kwa mwandiko usiokuwa wa mjomba. Mardhiya, saa kumi alasiri. Nikafunua. Mardhiya, saa kumi alasiri. Kila siku ya kazi, wiki kwa wiki, miezi ambayo haijafika bado.

Mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa kumi. Baada ya hapo kurasa tupu.

Hatujamwambia mjomba ni Alhamisi ipi.