Anguko Lisilochezwa

Walikutana kwenye ngazi za jengo la maduka, jioni, watu wakipishana na mifuko kama siafu. Binti mcheza dansi, gauni jekundu, miguu mitupu, alijiachia akaanguka kama mchezo ulivyotaka. Kijana mmoja aliyekuja kununua betri ya kamera akatupa kila kitu, akamdaka.

"Dada, umeumia?"

"Niache, kaka! Nacheza!"

Kundi lao halikutaka jukwaa. Walicheza kwenye ngazi, kwenye maegesho ya magari, hata kwenye vyumba vya kufulia nguo, kisha wakatengeneza filamu. Wiki ileile kijana akawa mpiga picha wao, na mwezi haukuisha akawa mpenzi wake. Akambandika jina la Mpira, kwa jinsi alivyokuwa akianguka na kudunda. Binti akamfunda mwenyewe, huku akimfinya shavu: "Sikiliza, mpenzi. Nikianguka usinishike. Nifuate na kamera." Kijana msikivu, somo likamwingia hadi kwenye mifupa.

Siku ya kurekodi kwenye ngazi za stesheni, binti aliteleza kwelikweli. Kifundo cha mguu kikatoa mlio. Alimtazama mpenzi wake, macho yamejaa machozi, naye akamsogelea na kamera. Akasogea tena. Akazunguka upande wa pili ili mwanga uupate uso vizuri.

"Safi kabisa!" Mwalimu wa kundi akapiga makofi. "Hiyo ndiyo filamu yenyewe!"

Sasa binti alikuwa kwa dada yake, mguu juu ya mto, na simu ilikuwa ikilia tangu asubuhi.

"Pokea au uizime," dada mtu alisema. "Mimi shemeji yako hajanitafuta hivyo tangu anioe."

Akapokea.

"Mpira wangu..."

"Usiniite Mpira. Mpira hauna mifupa."

"Mama, nilidhani unacheza. Si ulinifundisha mwenyewe?"

"Nilikufundisha kunipiga picha, sikukufundisha upofu! Kutwa unaniangalia mimi, halafu hujui nikiumia kweli nakuwaje?"

"Kweli, nimekosa." Hilo likamtia hasira zaidi, maana alikuwa na maneno ya kutosha na hakuna wa kubishana naye.

"Nimeifuta," kijana aliongeza.

"Umefuta nini?"

"Ile picha. Yote. Mwalimu amenifokea mpaka sauti imemkauka."

"Umeifuta! Nani kakutuma? Sijawahi kucheza vizuri vile, na mguu nimeutoa mimi!"

"Lakini ulikasirika..."

"Ndiyo, nilikasirika! Si ungeniuliza?"

Alitamani kuipigiza simu ukutani. Mwanaume gani huyu! Ukimwambia asikushike, hakushiki hata ukivunjika. Ukilia, anachoma nyumba kwa ajili ya panya. Na bado alimpenda, hilo ndilo lililomchosha kuliko mguu.

"Basi nifundishe upya," kijana alisema.

"Nimechoka kufundisha."

Honi za magari zikasikika upande wa kijana, na pumzi zake.

"Mguu unauma?" aliuliza taratibu.

Kundi zima lilikuwa limempigia simu, na kila mmoja alimsifia lile anguko; hakuna aliyeuliza habari za mguu. Binti akafumba macho, machozi yakamtoka bila haya mbele ya dada yake.

"Unauma sana."

"Nije?"

"Umeshachelewa," akasema, akijifuta pua kwa kanga ya dada yake. "Njoo. Na hiyo kamera iache hukohuko."